Twiga wa mlango wa banda la kuku

Mlango wa banda la kuku la mama mdogo, kule Kihesa, una twiga. Si twiga mzima. Miguu ilikatwa kwa msumeno ili ubao uenee kwenye fremu, na pale shingo inapoanza kupinda pametobolewa tundu la kupitishia waya wa kufungia. Lakini jicho lipo, na lile jicho halijawahi kunipenda. Asubuhi mama mdogo akifungua banda, twiga anageukia ukuta. Jioni kuku wakiingia, anarudi kutazama uani, mpaka kwenye jiko la kuni, mpaka kwako uliyekaa kwenye kigoda unamenya viazi.

Aliyemchora ni marehemu baba mdogo. Alikuwa fundi wa mabango hapa Iringa kwa karibu miaka thelathini. Kama ulipita Mlandege au Miyomboni miaka ya themanini ukaona kichwa cha ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, ng'ombe anayecheka kana kwamba hajui kilichomo ndani, basi huenda uliuona mkono wake. Aliandika majina ya mabasi. Aliandika "Kukopa harusi, kulipa matanga" kwenye maduka mengi kiasi kwamba utotoni nilidhani ni maneno yake aliyoyatunga mwenyewe. Wenye vilabu walimlipa ulanzi, pombe ya mianzi, na masika, ulanzi ukiwa mwingi, alikuwa fundi tajiri sana kwa muda mfupi sana.

Rangi iliyobaki kwenye makopo ndiyo aliyochorea mambo yake. Hakuwahi kununua rangi kwa ajili ya picha. Ingekuwa ubadhirifu, na mama mdogo asingekubali. Kwa hiyo picha zake zinafuata kazi za mwezi ule. Ukiona mbingu ya kijani, ujue kulikuwa na tenda ya duka la dawa. Alichora kwenye vipande vya hadibodi, upande laini. Alichora akina mama wanaopanda kutoka Ruaha Mdogo na ndoo kichwani. Alichora jiwe la Gangilonga mara tisa, na hakuna Gangilonga mbili zinazofanana. Hakuuza hata moja. Watu walikuwa wanamwambia, "Fundi, hii nzuri," halafu wanaagiza bango.

Alipofariki, baada ya matanga, kikao kilikaa. Baiskeli ilipata mtu. Redio ilipata mtu, na koti lile zito la Juni likapata watu wawili, ikabidi mzee mmoja aingilie. Vibao vilikuwa vimesimamishwa nyuma ya mlango, wazungumzaji wakavipa mgongo. Hakuna aliyevitaja. Mama mdogo akavisukumia chini ya kitanda, kimoja akakifanya mlango wa banda, maisha yakaendelea.

Mwaka jana akaniuliza swali. Tulikuwa tumeshasalimiana, kamwene, kamwene, tumeshaulizana habari za watoto na za mahindi, ndipo akasema, kama mtu anayeulizia bei ya sukari: "Hivi mwanangu, vile vibao vya baba yako nivifanyie nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma habari za makumbusho ya sanaa yaliyojengwa kwa ajili ya mchoraji mmoja tu. Nilitaka kujua yanaanzaje. Nilidhani nitakuta habari za wafalme na matajiri. Nikakuta habari ya shemeji.

Vincent van Gogh anajulikana hata na watu wasiojali picha, na wengi wanachojua ni sikio alilojikata. Mimi hadithi ya sikio imenichosha. Mtu alichora kwa miaka kumi, akaacha picha za rangi zaidi ya 800, halafu dunia nzima inasimulia tukio moja la usiku mmoja. Hadithi ninayoitaka inaanza pale yeye anapoishia. Vincent alifariki tarehe 29 Julai 1890 huko Auvers, Ufaransa, akiwa na miaka 37. Mdogo wake Theo, aliyekuwa dalali wa picha Paris na ndiye aliyekuwa akimtumia fedha za kula, za rangi na za pango, alifuata Januari 1891. Miezi sita tu. Theo akaacha mjane wa miaka 28, Johanna, wenyewe wanamwita Jo, ambaye ndoa yake haikutimiza hata miaka miwili. Akaacha na mtoto mchanga, siku chache kabla hajafikisha mwaka mmoja. Mtoto alikuwa amepewa jina la baba yake mkubwa: Vincent.

Na akaacha lundo. Mamia ya picha ambazo soko halikuzitaka. Uuzaji unaojulikana vizuri zaidi wakati wa uhai wa mchoraji ni wa picha moja ya shamba la mizabibu, iliyonunuliwa kwa faranga 400 mwaka 1890. Kwa hiyo ukimweka Jo kwenye kikao chetu cha Kihesa, yeye ndiye aliyeachiwa vibao nyuma ya mlango.

Alifungasha. Alirudi kwao Uholanzi, akakodi nyumba katika mji mdogo wa Bussum, si mbali na Amsterdam, akafungua nyumba ya kupangisha wageni: chumba, chakula, kufuliwa. Aliwahi kuwa mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo aliongezea tafsiri za kulipwa. Na picha akazitundika. Wapangaji wa nyumba ile walikuwa wanakula chakula cha jioni wamezungukwa na kuta ambazo leo ungekaa foleni kuziona, na nina hakika mmojawapo alilalamika kwamba rangi ni kali.

Kati ya picha zilizokuwa mikononi mwake ilikuwemo ile ya mwaka 1885 inayoitwa Wala Viazi. Naomba nisimame hapa kidogo, maana sisi wa nyanda hizi tuna haki na picha hii kuliko watu wengi. Ni familia ya wakulima, taa moja inaning'inia juu, sahani moja ya viazi vya kuchemsha katikati, moshi wa viazi unapanda. Nyuso zina rangi ya udongo. Vincent alimwandikia Theo kwamba alitaka ionekane kuwa mikono inayochukua viazi kwenye sahani ndiyo hiyo hiyo iliyochimba ardhi, kwamba chakula hiki wamekipata kwa haki. Nenda Makete, nenda Uporoto, nenda Njombe mwezi wa baridi, ingia jikoni saa mbili usiku. Watu wamelizunguka sufuria, viazi vimechemshwa na maganda, kila mtu anamenya chake kwa kucha zenye udongo, na nje kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inayosubiri dalali wa mjini aje kuinunua kwa bei ya gunia. Nilipomwonyesha mama mdogo picha ile kwenye simu hakuuliza kuhusu mchoraji. Aliuliza kwa nini chumvi haipo mezani.

Turudi kwa Jo. Kilichonivutia kwake ni kwamba hakuzihifadhi picha kama mtu anayehifadhi nguo za marehemu sandukuni. Alifanya biashara, na alikuwa na daftari. Aliandika kila kilichouzwa, kwa nani, kwa kiasi gani. Kwenye maonyesho alichanganya picha zinazouzwa na zisizouzwa, na mara nyingi zile zisizouzwa ndizo zilizowafanya watu wazitamani zinazouzwa. Mwanamke yeyote wa soko la Mlandege anaijua mbinu hiyo: nyanya kubwa zinakaa juu ya fungu. Maishani mwake aliuza picha zaidi ya 150, hazikwenda popote bila mpango, na zilizo bora nyingi hakuziachia. Mwaka 1905 alikodi kumbi za makumbusho ya jiji la Amsterdam, akapanga kazi zaidi ya 450 za shemeji yake mmoja. Hadi leo ni mojawapo ya maonyesho makubwa kabisa yaliyowahi kufanyika ya mchoraji huyo. Mwaka 1914 akachapisha barua za Vincent kwa Theo, mabuku matatu, alizokuwa amezipanga kwa tarehe mwenyewe, na nyingi hazikuwa na tarehe. Mwaka huo huo akauhamisha mwili wa Theo kutoka Uholanzi ukazikwe Auvers, ubavuni mwa kaka yake.

Jumba la makumbusho la London lilipotaka kununua picha ya Vincent iitwayo Alizeti, Jo alikataa kwanza. Alisema ameitazama picha ile kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, hawezi kuachana nayo. Halafu akaikubalia safari, mwaka 1924, kwa ajili ya jina la Vincent. Mwaka uliofuata akafariki, katikati ya kazi ya kuzitafsiri barua zile kwa Kiingereza.

Mtoto sasa. Yule Vincent mdogo alikua akawa mhandisi, na naamini mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye picha mpaka chooni ana haki ya kuzichoka. Lakini alizirithi na hakuzitawanya. Alizikopesha makumbusho ya jiji, kisha mwaka 1960 familia ikaunda wakfu, na mwaka 1962 wakakubaliana na serikali: serikali itatoa guilder (fedha ya Uholanzi) milioni 15 na itajenga jumba Amsterdam, mkusanyiko utaingia kwenye wakfu na kukaa jumbani daima. Zaidi ya picha 200 za rangi, michoro takriban 500, na barua kwa mamia. Mbunifu aliyepewa kazi, Gerrit Rietveld, alifariki mwaka 1964 ramani ikiwa bado changa, wenzake wakamalizia. Milango ilifunguliwa Juni 1973. Ni miaka 82 tangu Jo afungashe picha Paris. Mtoto aliyepakiwa naye alikuwa mzee wa miaka 83, na alikuwepo.

Kuna wizi pia, na siwezi kuuacha. Aprili 1991 wezi waliingia jumbani usiku wakatoka na picha 20, ikiwemo Wala Viazi. Hazikupotea hata saa nzima. Zilikutwa zimeachwa ndani ya gari karibu na stesheni ya treni, kwa sababu gari la pili walilopanga kuhamia lilipata pancha. Mlinzi mkuu wa mali ile ya dunia, usiku ule, alikuwa pancha.

Nilipomaliza habari ya Jo nilitaka kuona kama ni bahati ya Waholanzi peke yao. Si bahati, ila njia zinatofautiana. Mchoraji Edvard Munch wa Norwe hakuacha mjane. Mwaka 1940 aliandika wosia kwamba vyote vilivyobaki kwake ni vya jiji la Oslo, akafa 1944, jiji likajenga makumbusho 1963 na jingine refu la ghorofa 13 mwaka 2021. Hiyo ni njia ya mtu anayejua kuandika wosia. Kwetu wosia unaonekana kama kujitabiria kifo, basi tuiache.

Huyu wa Marekani ndiye aliyenifanya nicheke peke yangu. Clyfford Still alichora mapande makubwa ya rangi yaliyochanika kama gome la mti, akagombana na wauza picha, akajitenga, akaacha kuuza karibu kabisa. Alipofariki mwaka 1980 wosia wake ulisema kazi zote upewe mji wowote wa Marekani utakaokubali kujenga jumba la kazi zake tu, zisiuzwe, zisigawanywe, zisitundikwe na za mtu mwingine. Na pasiwe na mgahawa. Alimaanisha. Mkusanyiko ukafungwa, watu hawakuuona kwa zaidi ya miaka thelathini, na mjane wake Patricia akalinda masharti yale mpaka mwaka 2004 alipoukubalia mji wa Denver. Alifariki mwaka uliofuata. Jumba lilifunguliwa Novemba 2011, likiwa na takriban asilimia 94 ya kila alichowahi kuchora mtu yule. Muda mfupi kabla ya hapo picha nne ziliuzwa kwa ridhaa ya mahakama, zikaingiza dola milioni 114 za kuliendesha jumba. Denver iko juu ya usawa wa bahari karibu sawasawa na Iringa, takriban mita 1,600, na sijui kama ni baridi ya mwinuko inayowafanya watu wawe wakaidi hivi. Ila kumkaribisha mgeni bila chai, hata kwa Wahehe wenye msimamo, pana kasoro.

Basi ukitazama vizuri, kwa Jo aliyeuza kwa akili na kwa Patricia aliyekataa kuuza kabisa, kitu kilichofanyika ni kimoja. Palitokea mtu akasimama mbele ya lundo akasema hili haligawanywi. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni kwa sababu wakati wa kugawana, lundo lile lilikuwa ndiyo sehemu asiyoitaka mwingine.

Hapo ndipo nikamfikiria Edward Said Tingatinga. Alizaliwa Tunduru, kusini kwetu huku, mwaka 1932. Alifanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, akaenda Dar es Salaam, na kuanzia 1968 akawa anachora wanyama kwa rangi za mafuta za kung'aa, zile za baiskeli, kwenye hadibodi za mraba za sentimita 60 hivi, akiziuza Oyster Bay kwa Wazungu wanaokwenda dukani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka minne ya kazi. Picha zilikuwa zinaondoka ukutani rangi ikiwa haijakauka, na nyingi zikaondoka nchini pia. Alichoacha ni mkono wake: ndugu na wanafunzi aliowafundisha walichora kama yeye, wakafundisha wengine, na sasa jina lake ni jina la mtindo. Kwa sanaa huo ni urithi mkubwa kuliko wa Jo, nitabishana na yeyote. Lakini makumbusho hayajengwi kwa mtindo. Yanahitaji lundo, na kwake lundo halikuwepo. Kila kipande kilikuwa unga wa siku ile.

Wala tusijifanye hatujui kitu hiki. Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kuna makumbusho ya mtu mmoja. Si mchoraji. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimpate hai, wakakata kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa na kifungu kinachodai fuvu lile lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, kutoka makumbusho ya Bremen, likapokelewa na mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa. Miaka 56. Nimeingia pale mara nyingi, shule ilitupeleka, baadaye nikapeleka wageni. Chumba ni kidogo. Silaha, viti, picha za ukoo, na lile fuvu kwenye kioo. Kila nikitoka nawaza kwamba kungekuwa na jumba kubwa mara kumi bila fuvu lile, tusingekwenda.

Kwa hiyo Desemba nilikwenda Kihesa na chaki, daftari na simu. Tulivuta vibao vyote kutoka chini ya kitanda. Hadibodi haipendi maji. Vile vya chini kabisa vilikuwa vimevimba pembeni kama mkate uliolowa, kimoja mchwa wameanza kukila kutokea kona ya kulia, na moshi wa jikoni umewapa akina mama wa Ruaha Mdogo rangi ya kahawia iliyowapendeza, kusema kweli. Nilikuwa naandika namba kwa chaki upande wa nyuma, ule wenye vinyweleo, mama mdogo ananitajia. Sikutegemea kama angejua. "Hiyo alichora wiki aliyoandika basi la Mafinga. Hiyo mtoto wako wa tatu, hapana, wa pili. Hiyo tuligombana." Nikawa naandika. Ile "tuligombana" nimeiandika hivyo hivyo, namba 17.

Vilifika 40. Nikasema cha 41 kiko bandani.

Nikamsimulia habari ya daktari wa Arles, Félix Rey, aliyemtibu Vincent akachorwa kwa shukrani mwaka 1889. Picha haikumfurahisha yeye wala mama yake. Mama yake akazibia nayo tundu kwenye banda la kuku. Leo iko Moscow, kwenye makumbusho. Nilidhani hadithi itafanya kazi yake yenyewe. Mama mdogo akaisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kuku wao wakalala wapi?"

Nikamwambia nataka kumtoa twiga mlangoni kesho yake asubuhi, kabla ya masika kuingia.

"Utakuja na ubao?"

Sikuwa na ubao.

"Njoo na ubao," akasema, akashika waya, akaupitisha shingoni mwa twiga na kuuzungusha mara mbili, maana jua lilikuwa limezama na yule jogoo mwekundu alikuwa bado uani. "Na bawaba. Hizi zimekwisha."